Watasema na Tumbaku ya Baba

Enzi zetu sisi tuliokulia kwenye moshi wa tumbaku, mtoto alikuwa na kazi yake kama mtu mzima alivyokuwa na yake. Aliyeweza kutembea aliweza kufukuza kuku kwenye mahindi, na aliyeweza kubeba kopo aliweza kwenda kisimani. Shule tulikwenda na jembe begani na fagio mkononi, maana shule ilikuwa na shamba lake, na ukifika mikono mitupu unarudishwa nyumbani ukakifuate ulichokisahau. Jioni tunacheza rede na kombolela mpaka mama zetu waanze kuita, kila mmoja kwa sauti yake, na ukiisikia tu ulijua ni mama wa nani na amekasirika kiasi gani. Msimu wa masuku, yale matunda matamu ya mwituni, tulirudi kutoka porini na midomo inanata, ugali hautaki kushuka, na kesi ikaanza. Wenzangu wa rika langu mtanisahihisha nikikosea. Darasa langu mimi ni la saba tu, na kumbukumbu zangu zina matundu. Lakini hili la mbwa nalikumbuka vizuri, na nikilikumbuka najiona mtu.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Lusewa, wilaya ya Namtumbo. Huko mbwa alikuwa hafundishwi. Alizaliwa nje, akalala nje, akala ukoko wa ugali, na kuhusu haja zake walijuana yeye na pori. Ungesema unamfundisha mbwa mahali pa kujisaidia, watu wangekuuliza kama watoto wako umekwisha kuwafundisha. Wa kwetu alifundishwa kwa sababu mbili tu, na zote mbili zilikuwa zimemshinda baba.

Ya kwanza ni chui. Mbwa tuliyekuwa naye kabla ya huyu alikuwa dume kubwa lenye kelele, na bado chui alimchukua uani kwetu. Asubuhi tulikuta mburuzo kwenye vumbi na kipande cha kamba. Baba akasema mbwa mwingine akija atalala ndani mpaka apate meno ya kujitetea.

Ya pili ni tumbaku. Yetu ilikuwa tumbaku ya moshi. Majani yanatundikwa ndani ya bani, kile kibanda cha kukaushia, chini yake unaweka magogo yanayofuka polepole, mpaka jani linageuka kahawia na kunukia kama nyama iliyobanikwa. Likitoka hapo linasubiri kuchambuliwa, jani refu na refu mwenzake, lenye doa na lenye doa, kila daraja fungu lake. Na wakati wa kusubiri, tumbaku ina maringo. Jua haitaki, inavunjika vunjika. Mvua haitaki, inaota ukungu. Inataka chumba chenye giza na ubaridi. Waliojaliwa walikuwa na ghala. Sisi tulikuwa na sebule. Basi kuanzia Mei mpaka siku ya soko, sebule ilikuwa ya tumbaku na sisi tulikuwa wageni wake. Majani yalilazwa sakafuni juu ya majamvi, ukuta hadi ukuta, ikabaki njia nyembamba ya kupita mguu mmoja mbele ya mwingine. Chumba cha watoto kilijaa watoto, jiko lilikuwa kibanda cha nje. Mbwa wa kulala ndani angelala wapi kama si hapo, katikati ya mali yote ya nyumba?

Baba alimleta kwa baiskeli kutoka kwa mjomba, ndani ya tenga lililofunikwa nyasi. Alikuwa wa rangi ya vumbi, tumbo kubwa, miguu mifupi, na sikio moja limesimama wakati mwenzake amelala. Baba akamwita Watasema. Mnakumbuka tulivyokuwa tunawapa mbwa majina ya kuwafikishia majirani ujumbe bila ugomvi. Watu walikuwa wamemcheka baba kwa kulima tumbaku nyingi kuliko nguvu zake, na jibu lake likawa hilo, linakimbia kijijini kwa miguu minne. Siku hizi nasikia mbwa anaitwa Brauni au Keki. Sawa, lakini jirani anajifunza nini hapo?

Mimi nilikuwa nimepewa jina la bibi mzaa baba, ndiyo maana baba aliniita mama. Akaniita jioni ileile, akaniwekea yule mbwa mikononi.

"Mama, huyu ni wako," akasema. "Atalala sebuleni. Lakini akichafua tumbaku namrudisha kwa mjomba wako, na sitaki kilio."

Kurudi kwa mjomba tulijua maana yake. Mjomba alikuwa ameshasema wazi kwamba watoto wa mbwa watakaobaki kwake anawatupa mtoni. Nisimseme vibaya, hakuwa mtu mkatili, alikuwa na vinywa vingi vya kulisha na mbwa wake hakujua kuzaa wachache. Na baba naye hakuwa mkali bure. Kule sokoni kulikuwa na mteuzi, yule anayesema robota hili ni daraja gani, na mteuzi alitanguliza pua kabla ya macho. Akinusa kitu kisicho tumbaku, robota zima linawekwa pembeni huku watu wanaangalia. Sare zetu, sabuni, mafuta ya taa, chumvi, vyote vilikuwa vimelala kwenye majamvi yale. Mkojo wa mbwa mmoja ungetosha kutunyima Krismasi.

Basi nikaanza ualimu. Mama alinipa somo moja tu, naye alilitoa huku anapepeta mahindi, bila kuinua kichwa. Alisema mbwa ni sawa na mdogo wako wa mgongoni, akiamka mtoe, akila mtoe, akianza kunusa chini na kuzunguka usimuulize kitu, mtoe. Nikamtoa. Nikamtoa mpaka mikono ikanuka mbwa na ugali ukanuka mikono. Shule haikuwa mbali, wakati wa mapumziko nilikimbia nyumbani, namtoa, namrudisha, nakimbia tena. Wenzangu darasani wakanipa cheo cha nesi wa mbwa. Zuhura, rafiki yangu wa dawati moja, peke yake hakunicheka, ila aliniomba nisimguse kabla sijanawa. Alikuwa na haki yake, nitaieleza.

Tabu ilikuwa ni mahali. Juni ya kwetu mnaijua. Asubuhi pumzi inatoka kama moshi wa kiko, na majani ya uani yana umande wa kuuma vidole. Watasema nikimweka pale anainua mguu huu, anainua huu, kama mtu aliyekanyaga makaa, halafu ananitazama kama mimi ndiye niliyeleta baridi. Hafanyi kitu. Anarudi ndani, ndipo anaanza kunusa.

Nikatafuta mahali pakavu, nikapapata. Nyuma ya bani, chini ya upenu, baba alikuwa na kilima cha majani mabovu, yaliyochanika, yaliyoungua, yaliyodondoka kwenye kamba. Palikuwa pakavu, laini, na hapakuwa pa mtu. Nilipomweka juu yake Watasema alizunguka kidogo, akachuchumaa, akamaliza kama mzee mwenye choo chake. Nikamsifu sikioni, kwenye lile lililosimama. Tangu hapo tukawa na kwetu. Asubuhi kwenye kilima, mchana kwenye kilima, jioni kwenye kilima. Haukupita muda nikawa nikimweka tu chini anakwenda mwenyewe. Nilimwambia kaka yangu Daudi kwamba mbwa wangu amemaliza darasa la kwanza. Daudi alisema afadhali, kuna watu humu ndani walilirudia. Alikuwa ananisema mimi, na ni kweli nililirudia.

Halafu asubuhi moja baba akainama sebuleni pembeni ya ukuta, akaokota jani, akalinusa, akalinusa tena. Lilikuwa la fungu la mwisho, yale mafupi ya chini ya mche. Mwenyewe alikuwa ameapa, lakini alilitupa nje na kusema tumsamehe, bado mdogo. Naliandika hili makusudi, maana tukisimulia wazazi wetu tunapenda kuwafanya wawe mawe. Baba hakuwa jiwe.

Kesho yake Watasema akarudia, na safari hii ni hatua chache tu kutoka kwenye jani zuri. Baba alikwenda kulitungua lile tenga ukutani.

Mimi nilikuwa nimekatazwa kulia, kwa hiyo sikulia. Nilisimama mlangoni nimemkumbatia mbwa na kujaza mlango kadiri mwili wangu ulivyoruhusu. Aliyetuokoa ni mama. Alimwambia baba taratibu kwamba siku ya kuchambua haiko mbali, majirani watakuja, na kama mbwa hatakuwa ameelewa mpaka siku hiyo, basi ataondoka na yeye mwenyewe mama atafunga tenga kwenye baiskeli. Baba akanitazama.

"Siku ya kuchambua, mama," akasema. "Mbele ya watu. Asipojua siku hiyo, hatajua tena."

Kwa vijana wasiojua, kuchambua tumbaku ilikuwa kazi ya ujima. Leo mnakuja kwetu, kesho tunakwenda kwenu, anayealika anatoa chakula na togwa. Na mtu ambaye baba hakuweza kuchambua bila yeye ni jirani yetu Baba Zuhura, baba wa yule rafiki yangu. Alikuwa na vidole vya ajabu, lakini zaidi ya vidole alikuwa na ukweli. Hakuweka jani bovu kwenye fungu zuri hata kwa jirani, hata kwake mwenyewe. Sisi tulikuwa Wakristo, wao Waislamu, na hilo halikuwahi kuzuia mtu kula wala kulima. Mama alimtunzia Baba Zuhura mkeka wa kuswalia, ameuning'iniza juu kabisa, hakuna mtoto aliyethubutu kuukalia. Ila mbwa kwake ilikuwa habari nyingine. Mbwa akimgusa na majimaji yake, sharti akajitoharishe kwa maji na udongo kabla hajaswali, na kazi inasimama. Aliposikia kwamba kwetu mbwa analala sebuleni alikuja kuzungumza na baba kiungwana kabisa.

"Baba Daudi, mimi na mbwa hatuna ugomvi," akasema. "Ugomvi wangu ni pua yake ikiwa mbichi."

Baba akamwambia mbwa amefundishwa. Akanitazama wakati anasema, na mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu.

Siku zilizofuata nilikosa hamu hata ya mdako. Nilikaa mlangoni, kidevu mikononi, nikimwangalia Watasema anavyotembea mle ndani, kwa sababu jambo lilikuwa haliniingii akilini. Mbwa huyu hakuwahi kukojoa kwenye udongo wa njia. Hakukojoa kwenye gunia lake. Hakukojoa kwenye mkeka wetu wa kulalia, ambao ungemfaa sana. Alikuwa anaupita udongo wote, anakanyaga kwa adabu, mpaka anafika kwenye majani, anasimama, anasikia yanalia chini ya nyayo zake, na hapo ndipo anazunguka.

Sijui ni nini kilinifungua. Labda ni ile sauti ya majani makavu chini ya miguu. Niliikumbuka, nilikuwa naisikia kila asubuhi nyuma ya bani. Mbwa hakuwa ameasi. Nilikuwa nimemfundisha kwa uvumilivu wote, asubuhi, mchana na jioni, kwamba mahali pa kujisaidia ni juu ya tumbaku. Nje nilimpeleka kwenye tumbaku mbovu. Ndani akajitafutia nzuri.

Nilikwenda kumwambia mama jikoni, nikitegemea kupigwa mwiko wa ugali. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akajifunika mdomo na kanga, mabega yanacheza.

"Mwanao kafaulu, Skola," akasema alipopata pumzi. "Aliyefeli ni mwalimu."

Kisha akaniambia nisikae hapo, niende nikatafute kitu ambacho ndani ya nyumba hakimo.

Nikazunguka uwanja mzima nikifikiri hilo. Udongo ndani ulikuwemo. Nyasi zilikuwemo, chini ya majamvi. Mabua ya mahindi yalikuwemo. Kitu ambacho mama asingekubali kukiona ndani hata chembe ni majivu. Na majivu tulikuwa nayo ya kumwaga, magogo ya bani yalikuwa yanayazaa kila siku. Nikayachota kwa kigae, nikayamwaga hatua chache kutoka mlangoni, nikatengeneza duara kubwa kama ungo wa kuanikia. Kile kilima cha majani mabovu nikakizungushia miiba. Watasema alisikitika. Siku ya kwanza alisimama mbele ya miiba akanililia, akageuka kuniangalia, kama mtu aliyekuta kanisa limefungwa Jumapili. Nikamshika, nikampeleka kwenye majivu. Akapiga chafya. Nikangoja. Vidole vya miguu viliganda, kengele ya shule ikalia, nikangoja. Mwisho akachuchumaa.

Daudi mpaka leo anasema si mimi niliyemfundisha, ni uvuguvugu wa majivu yaliyotoka bani usiku uliopita, kwamba mbwa yeyote mwenye akili angependa kukaa pale Juni ile. Huenda ana ukweli. Majivu yalikuwa na joto, na mimi sikuliwaza hilo wakati nayamwaga. Mama naye alisema ni umri tu, hata mtoto wa mtu hufika mahali akaelewa. Sina ushahidi wa kuwapinga. Ninachojua ni kwamba kila alipoamka nilikuwepo, na kila alipomaliza alisikia sifa, na nyayo zake nyeupe zilipoonekana ndani nilizifuta mimi kabla mama hajaziona. Tangu hapo hakumwagilia jani hata moja. Lakini siku chache si ushahidi, na mwalimu aliyekosea mara moja halali vizuri.

Siku ya kuchambua ikafika. Mama alipika ugali, maharage na dagaa wa Nyasa, togwa imejaa mtungi. Baba Zuhura akaja na mkewe. Nikawaamkia shikamoo, wakaitikia, tukakaa sakafuni kila mtu na rundo lake. Mlango ulifungwa, maana upepo ukiingia jani linakauka na kupasuka mikononi. Baba Zuhura akakaa karibu na mlango, mgongo umeegemea mhimili, nafikiri kwa ajili ya mwanga wa ufa, ingawa inawezekana alikuwa anajiwekea njia ya kukimbilia. Nilitaka nimfunge Watasema nje. Baba akakataa. Alisema akifungwa nje tutajuaje.

Kwa hiyo alilala kwenye gunia lake, na sisi tukafanya kazi. Watu wazima walizungumza habari za nguruwe waliovamia mahindi, za harusi, za nani ameuza ng'ombe akakaa kimya. Mimi sikusikia hata moja kikamilifu. Nilikuwa nachambua kwa mikono na kulichunga gunia kwa macho. Nilichanganya madaraja mara mbili, Baba Zuhura akanirudishia majani yangu.

Watasema akaamka.

Alijinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, akapiga mwayo mrefu. Akaanza kunusa chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye majani ya mbele ya magoti ya baba, yale marefu, mazuri kuliko yote ya mwaka ule, akaweka mguu juu yake. Yakalia. Nikaanza kuinuka na baba akanyoosha mkono, kiganja chini, bila kunitazama. Nikakaa. Mazungumzo yakakatika, hata mke wa Baba Zuhura akashusha jani alilolishika. Watasema alisimama pale juu ya mali yetu, pua chini, mkia umenyooka.

Akaondoa mguu. Akashika ile njia nyembamba, hatua moja mbele ya nyingine, mpaka mlangoni, na mlangoni akamkuta Baba Zuhura. Akaketi mbele ya goti lake, pua karibu kabisa na goti lakini haikuligusa, akalia kidogo, kilio chembamba cha mtu anayeomba njia.

Baba Zuhura aliitazama ile pua. Pua ikamtazama. Akakusanya nguo yake vizuri upande wa mapajani, akajikunja, akanyoosha mkono nyuma, akavuta komeo.

"Mpisheni," akasema. "Ana haja zake. Na ana adabu kuliko Daudi, niliyemkuta asubuhi nyuma ya bani."

Watu wakacheka mpaka majani yakaruka. Daudi akageuka ukutani. Kupitia mlango uliobaki wazi sote tulimwona Watasema anaingia kwenye duara lake la majivu, anazunguka, anachuchumaa, anaparura majivu nyuma yake kwa miguu yote miwili, kisha anarudi, anapiga chafya kizingitini, anapita kwa adabu ileile na kujikunja kwenye gunia.

Nilimgeukia baba. Nilitaka aseme kitu. Baba alikuwa ameshachukua jani jingine, analinyoosha kwenye goti.

"Fungeni mlango," akasema. "Tumbaku inakauka."

Tenga lilipelekwa shambani kubebea mahindi, na halikurudi tena ukutani.

Siku ya soko nilifuatana na baba kubeba ndoo ya togwa. Mteuzi alichomeka pua kwenye marobota yetu moja baada ya jingine, na moja baada ya jingine yakapita. Sitasema yalikuwa ya kwanza sokoni, maana hayakuwa, ya Baba Zuhura yalikuwa mazuri zaidi na alistahili. Lakini hakuna lililowekwa pembeni. Wakati tunangoja, mtu mmoja wa kijiji kingine alimuuliza baba kama ni kweli anamlaza mbwa na tumbaku, kwa sauti ya mtu anayetafuta cha kucheka.

"Namlaza," baba akasema. "Amefundishwa."

Yule mtu akauliza amefundishwa na nani.

"Na mwanangu. Yule pale, mwenye ndoo."

Alinionyesha kwa kidevu. Nilijifanya sijasikia. Nilikuwa nimevaa gauni lililopauka na miguu imejaa vumbi la barabara, na nikasimama na ndoo yangu kama nimeshika bendera. Baba hakuniambia neno hilo usoni siku ile wala siku nyingine yoyote hadi anafariki. Watasema alikua, akapata meno, akalinda mahindi yetu dhidi ya nguruwe na ngedere kwa miaka mingi, na hata alipohamia kulala nje, haja zake alizipeleka palepale mlangoni. Mama alilalamika hadi mwisho kwamba nilimfundisha kupita kiasi.

Sasa nipo hapa Lizaboni, mjini, kwenye nyumba ya bati na marumaru chini. Mwezi uliopita binti yangu kaleta mbwa mdogo mweupe, manyoya kama pamba, na wajukuu wakaanza kumfundisha kwa kuangalia video kwenye simu. Wamemtandikia vitambaa vya kununua dukani, vya kukojolea ndani, eti ni hatua ya kwanza. Akifanya vizuri anapewa biskuti na anapigiwa makofi. Akifanya vibaya dada wa kazi anapiga deki, na hakuna aliyekosa usingizi. Niliwaeleza habari za majivu wakaniuliza majivu yanauzwa wapi. Niwe mkweli, mbwa wao alielewa haraka kuliko wangu, na hakuna mtu aliyefunga tenga kwenye baiskeli. Tena ule moshi wa tumbaku siutamani kabisa, nimeuona kwenye kifua cha baba uzeeni.

Ninachokitamani ni kingine, na sijui kama nitakieleza sawasawa. Wajukuu zangu wanapendwa, wanalishwa, wanafundishwa Kiingereza kabla ya meno. Lakini hakuna anayewapa kitu ambacho kikiharibika nyumba nzima itaumia. Tunawapa vitu vya kuchezea, halafu tunawasifu asubuhi mpaka jioni, na sifa zinawapita kama maji kwenye jani la yungiyungi. Sisi tulikabidhiwa mali ya mwaka mzima na aliyetukabidhi akaenda zake shambani. Tukifanikiwa tuliambiwa tufunge mlango. Na mimi niliyesifiwa mara moja, sokoni, kwa kidevu, mpaka leo sifa yenyewe bado naila kidogo kidogo, na haijaisha.